Nilivyomvusha Mama Mkwe Mpakani

Tangu nirudi sijapata kuchambua mchele kwa raha uani kwangu. Huyu anaingia, "Ehe, Mama Zuhura, ilikuwaje huko?" Namhadithia. Hajatoka mlangoni, mwingine kaingia, nianze upya. Na kila mnapoichukua hadithi hapa kwenda nayo bombani, inarudi imeota mkia. Jana nimesikia eti nilifungwa. Sijafungwa. Eti nilimzaba askari kibao. Sijamzaba mtu. Kwa hiyo nimechukua daftari la kisomo cha jioni nikaandika mwenyewe, herufi kubwa kama kunde, lakini zinasomeka. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe na mwanawe, kisha mniache nipike.

Mambo ya tiketi na vibali siandiki. Hayo ni foleni tu, na foleni nyie mnazijua.

Temeke: sababu ya kuondoka

Mume wangu Mzee Nantepa mnamjua. Mmakonde wa Mueda, Msumbiji, mwenye chale za uso mzima. Alikuja huku kijana, anamkimbia Mreno, akakata mkonge mashambani, halafu akakaa Temeke anachonga mpingo kwenye banda lake la makuti mpaka mauti yalipomkuta. Kaka zangu wa Kizaramo walimtania tangu siku ya posa: "Shemeji mtu wa kuja, unarudi lini kwenu?" Naye jibu lake lilikuwa moja: "Mie wa Mueda." Haongezi, hapunguzi. Aliwahi kuniambia, "Sie tuliokimbia tukiacha kusema kwetu, Mreno atakuwa kachukua ardhi na jina." Nikalishika neno hilo. Mtu akimwita mume wangu mtu wa kuja mbele yangu, nilimjibu mpaka akakumbuka ana chungu jikoni kwake.

Alipougua alikuwa na kazi moja mkononi, nayo haikuwa ya kuuza. Alikuwa anamchonga mama yake mzazi. Alimchonga kwa kumkumbuka tu: ndonya, lile pambo la mti, kwenye mdomo wa juu, chale, matiti yaliyolala kwa kunyonyesha. Urefu wake kama mtoto aliyeanza kukimbia, uzito wake kama mawe ya kusagia. Kinyago hicho kilikuwa cha dada yake Regina. Ndugu hao walikimbia pamoja, wakapoteana njiani. Dada akaishia upande wa Kenya kukata miwa, kaka akabaki huku. Kwao ukoo unafuata mama, na mama hukaa kwa binti yake. Mzee akakimaliza, akakipaka nta, akakiweka kichwani pa kitanda, akafa.

Nilikaa eda nikaimaliza. Nikadhani nimemaliza. Wazee wenzake wa Mueda wakaja wakaketi barazani, wakanywa chai yangu yote, ndipo mmoja akasema: "Shemeji, eda yako imekwisha, tanga lake halijaisha. Ameondoka na amana ya dada yake mkononi. Sie tanga hatulianui mpaka amana ifike, na mkono wa kuifikisha ni wa mke." Maana yake tezo na patasi zake zisigawiwe, banda lake lisifunguliwe, na yeye mwenyewe awe kama mtu aliyesimama nje mvua inanyesha, hajakaribishwa ndani. Hilo sikuweza kulivumilia. Mume wangu hakusimama nje ya nyumba yangu hata siku moja.

Nikamwendea balozi wetu wa nyumba kumi kumuuliza kama kinyago kitapita mpakani. Akafurahi kuulizwa. Akakaa vizuri kwenye kiti.

"Kitapita, Mama Zuhura! Tumeandikiana mkataba na wenzetu. Nchi kubwa na nchi ndogo zimekaa meza moja. Kitu kilichofanywa kwetu kinaingia kwao bila ushuru, cha kwao kinaingia kwetu bila ushuru."

"Sie ndio nchi kubwa au ndogo?"

"Kwa ardhi, sie wakubwa. Kwa viwanda, wao."

"Sabuni ninayofulia ya nani?"

"Ya kwao."

"Blanketi?"

"La kwao."

"Mafuta ya kupikia, yale ya bati?"

Akakohoa. "Ya kwao."

"Basi mkubwa nimeshamjua," nikamwambia. "Na sie tunapeleka nini?"

"Wewe si unapeleka kinyago?" Akacheka peke yake, maana mie sikuona cha kuchekesha.

Mto Wami: basi linakataa maiti

Nilimfunga mama mkwe kwenye shuka jeupe jipya, nikamkalisha mapajani. Kumweka juu ya basi pamoja na matenga ya kuku sikutaka. Shuka jeupe ndilo lililonitia matatani.

Tulipofika Wami tukasimama. Lori limekwama katikati ya daraja, na daraja lile ni jembamba, hata baiskeli hazipishani. Jua likapanda. Watu wakashuka kutafuta kivuli, mie nikabaki kitini na mzigo wangu. Kondakta akachungulia.

"Bi mkubwa, huyo mtoto mbona kalala sana?"

"Halali."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

Akaondoka, nikawaona wananong'ona nje. Baadaye akapanda mzee mmoja wa kanzu, mtu wa heshima, akaweka mkono kifuani. "Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikadhani amesikia habari za mume wangu kwa mtu wa Temeke. "Nishapoa, baba. Asante."

"Amefariki lini?"

"Kabla ya mvua za vuli."

Yule mzee aliruka! Mtu wa umri ule, akaruka viti viwili. "Kabla ya vuli! Na unaye humu!" Dereva akaja mbio, uso umemwiva. "Shuka! Shuka na maiti yako! Basi langu si la mazishi!"

Mie nami mdomo mnaujua. Nikamwambia basi lako halifai hata kwa mazishi, maiti angeshuka mwenyewe akaenda kwa miguu. Nikafungua shuka. Hapo ndipo ikawa balaa juu ya balaa, kwa sababu walitarajia mtoto, wakamwona bikizee mweusi ana ndonya mdomoni, anawatazama. Mama mmoja akaanza kusali kwa sauti. Mwingine akasema ni pepo, afadhali maiti. Ila yule mzee wa kanzu akarudi polepole, akainama, akatazama kwa muda mrefu, akauliza, "Ni nani huyu?"

"Mama mkwe wangu."

"Ulimjua?"

"Sikumjua. Mwanawe ndiye kanijulisha."

Akanisaidia kumfunga tena. Kutoka hapo mpaka tunaachana hakuna aliyenikalia jirani isipokuwa mama mmoja wa Muheza, Mbondei, anaitwa Mama Petro, ambaye alisema yeye haogopi mbao.

Muheza: machungwa yanayorudi kwenye chupa

Kwa ajili ya lori la Wami tulifika Muheza giza limeingia, na basi likasema halifiki Tanga. Mama Petro akanishika mkono. "Twende kwangu. Na mama yako mje naye."

Alinipa ndizi za kuchemsha na maharage, na asubuhi machungwa, machungwa, nikala mpaka vidole vikanata. Nje ya nyumba yake yalikuwa yamelala mengine chini, rundo linafika kiunoni, nyuki wanayashangilia.

"Mbona yanaoza?" nikamuuliza.

"Nasubiri malori ya wenzetu wa ng'ambo. Wakija, wanachukua kwa bei yao. Wasipokuja, nyuki wanachukua bure."

Akaingia ndani akatoka na chupa ya maji ya machungwa, yale ya kuchanganya na maji, ameiweka kabatini kwa ajili ya wageni wakubwa. Akanimiminia kidogo kama dawa. "Onja. Hayo machungwa yangu hayo. Yamekwenda kwao bila ushuru, yamerudi bila ushuru. Mie ndiye niliyetozwa."

Nikaonja. Sukari tupu.

"Na wewe unapeleka mti kwao?" akasema. "Angalia usije kuuziwa kiti chake."

Tukacheka, lakini nikamwona anavyoyatazama yale machungwa chini. Alikuwa na watoto wa shule mle ndani. Akanifungia mengine kwenye kitambaa, na mie nikamwachia khanga yangu moja, doti nusu, haijafuliwa hata mara moja. Hakuikataa, wala sikutaka aikatae.

Mpakani: kijana wa forodha

Kutoka Tanga kwenda mpakani barabara ni ya udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imeinyeshea. Tulishuka kusukuma gari zaidi ya tulivyolipanda. Nilifika nimevaa tope mpaka magotini, mama mkwe msafi.

Kwenye kibanda cha forodha palikuwa na kijana wa bara, mrefu, mwenye adabu. Nasema hivyo tangu mwanzo, kwa maana mtaani mmeshamfanya jini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Mzigo gani huo?"

"Mama mkwe."

Akatabasamu, akafungua shuka, tabasamu likaisha taratibu. Akamzunguka. Akamgusa kwa kidole kimoja. "Kazi nzuri hii. Kinatoka wapi?"

Sasa nyie nijibuni: mtu akiniuliza habari za mume wangu na za mama yake, na wametoka wapi, mie nimejibu nini miaka yote? Nikanyoosha shingo nikamwambia, "Mueda."

"Mueda ni mkoa gani?"

"Si mkoa. Msumbiji."

Kalamu yake ikasimama. Akamtazama mwenzake, kisha akanitazama mie. "Bibi, Msumbiji iko chini ya Mreno. Bidhaa za Mreno zimepigwa marufuku. Hazipiti hapa, hata kwa ushuru."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. "Bidhaa za Mreno? Mwana wa huyu mama alivuka mto Ruvuma usiku akiwa na jeraha la Mreno mgongoni! Amelala nalo kitandani kwangu mpaka kufa! Na wewe unaniambia mama yake ni bidhaa ya Mreno?"

"Sijasema hivyo, bibi. Umesema wewe kinatoka Msumbiji."

"Ndiyo kwao!"

Yule kijana akaweka kalamu chini. Akashusha sauti, kama anayemfundisha mamake njia ya mkato. "Bibi, nisikilize. Kimechongwa wapi?"

"Temeke."

"Basi. Mkataba unasema kilichofanyika kwetu kinapita bure. Sema kinyago hiki ni cha Tanzania, kimechongwa na mtu wa Temeke. Hayo maneno tu. Nikiandika hayo, unavuka sasa hivi."

Hapa ndipo mnaponiuliza, "Kwa nini hukusema?" Shoga yangu wa nyumba ya pili kaniambia nina kichwa cha mwiko. Labda. Lakini mie nilimwona mume wangu barazani, kaka zangu wanamzunguka kwa vicheko, naye ametulia na tezo lake: mie wa Mueda. Alikufa hajalibadilisha neno hilo. Leo nimlipe kwa kulibadilisha mie, mbele ya mama yake, ili niinuliwe kizuizi?

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi kusema Temeke?"

"Temeke naisema. Kwamba yeye ni mtu wa Temeke, siwezi. Siyo hivyo."

Akahema. "Basi kitakaa ghalani, bibi, mpaka uweze au mpaka mkubwa wangu aje."

Na kweli wakamchukua mama mkwe wakamweka ghalani, katikati ya magunia ya vitunguu na baiskeli. Mie nikakaa chini nje ya mlango. Sikulia. Nilitazama tope likikauka miguuni mwangu.

Mpakani bado: kwa Bi Mwanasiti

Aliyeniokota ni mwanamke wa Kidigo, Bi Mwanasiti, anayeuza muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga hapo hapo pembeni ya kizuizi. Aliniambia, "Mwenzangu, mlango wa forodha haufunguki kwa kutazamwa. Njoo ule."

Muhogo wake una nazi nzito, pilipili imelala juu nzima. Nikala nikiwa na hasira, na hasira haikuipunguza ladha. Nyumba yake iko huku, kisima anachoteka maji kiko kule. Mama yake amezikwa kule, watoto wake wanasoma huku. Nikamuuliza anawezaje.

"Mie sikuvuka mpaka, mwenzangu. Mpaka ndio ulivuka, ukanikuta napika."

Nikamweleza habari zangu. Akasikiliza huku anageuza samaki. "Wamakonde wa kwenye miwa nawajua. Shemeji yangu hupeleka samaki huko. Regina, mwanamke mrefu? Mdomo una tundu la ndonya, hana ndonya yenyewe?"

"Sijawahi kumwona."

"Ni huyo. Nitamtumia salamu."

Nililala kwake, nikashinda kwake, nikalala tena. Asubuhi namsaidia kukuna nazi, mchana naenda mlango wa ghala kumwambia mama mkwe kwamba nipo. Yule kijana wa forodha akipita kula ananisalimia shikamoo, mie namwitikia, tunaangalia pembeni sote wawili. Siku moja akaniletea soda. Niliikataa, halafu kiu ikanishinda nikainywa.

Mkubwa wake hakuja. Wifi Regina ndiye aliyekuja, kwa miguu, amejifunga khanga iliyopauka, mkononi ana fimbo ya muwa. Sikuhitaji kuambiwa. Uso ule ule wa mume wangu, chale zile zile, umejifunga khanga. Nilisimama na nazi yangu mkononi.

"Wewe ndiye mke," akasema.

"Ndiye mie, wifi."

"Kafa vipi?"

"Kifua. Hakuteseka sana. Alikuwa ananitania mpaka mwisho."

Akatikisa kichwa mara nyingi. "Nionyeshe."

Yule kijana akatufungulia ghala. Wifi akapiga magoti kwenye vumbi la vitunguu, akalifungua shuka mwenyewe. Bi Mwanasiti alikuwa nyuma yetu na mwiko mkononi. Wifi akapitisha kidole kwenye paji la uso, puani, kwenye ndonya. Mwisho akasema:

"Muongo huyu. Mama hakuwa mzuri hivi. Jicho moja lilikuwa na kengeza."

Kisha akaliweka shavu lake kwenye lile shavu la mpingo na akalia kwa sauti ambayo sitaiandika, maana sijui herufi zake.

Alipomaliza, akafuta uso kwa upindo wa khanga, akauliza kwa nini mama yake amelala na vitunguu. Nikamweleza. Yule kijana naye akaeleza upande wake, kwa adabu. Nilitegemea wifi anisifu. Alinigeukia kama mtu anayetaka kunichapa.

"Umekaa hapa kwa ajili ya neno hilo?"

"Neno lake, wifi. Ndilo alilolilinda."

"Alililinda mbele ya ndugu zako, kwa kuwa walimcheka. Hapa nani anamcheka?" Akaketi juu ya gunia. "Kaka yangu mmemlaza wapi?"

"Chanika. Kwenye shamba la kaka yangu mkubwa, kati ya mihogo."

"Nani aliyechimba?"

"Kaka zangu. Wote. Walikataa watu wa kulipwa."

"Hao hao waliomtania?"

"Hao hao."

"Basi walimtania wakamaliza, wakamlaza na wazee wao. Mtu hulazwa kwake." Akaweka mkono juu ya kichwa cha kile kinyago. "Mama ni wa Mueda, na huyo nitambeba mie, ni wangu tangu tumboni. Lakini mkono uliomchonga ulikula kwako. Ulinyookea kwako. Usinirudishie kaka yangu, wifi. Ulimchukua, kaa naye."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Miaka yote nilijiona mlinzi, nimewekewa kitu cha watu nikitunze, siku moja waje wakidai. Na mwenye haki ya kudai ndiye huyu, amekaa juu ya vitunguu, anasema hadai.

Nikamgeukia kijana wa forodha. Sauti ilikuwa yangu lakini ilitoka chini sana. "Andika. Kimechongwa Temeke, na mtu wa Temeke. Mume wangu."

Aliandika haraka, kama anayeogopa nisije nikageuka. Akatoa chaki akapiga alama kwenye shuka, akainua kizuizi mwenyewe. Wifi akachuchumaa, tukamfunga mama mgongoni kwake kwa mbeleko, tukavuka.

Ng'ambo: kwenye miwa

Huko sikukaa sana. Wanaishi kwenye vibanda vya mstari mmoja, bati limetoboka, miwa imewazunguka mpaka upepo haupiti. Tulikula ugali na kisamvu kilichopondwa na karanga, chakula kile kile alichokuwa akinisumbua mume wangu nimpikie, na siku zote akasema nimekosea. Sasa nimejua nilikosea wapi: nilikuwa natia nazi.

Wamakonde wa pale wote walikuja kumwamkia mama. Walimweka mlangoni, kila mtu akapita akamgusa. Wazee wakaimba kwa lugha yao, vijana wakaitikia vibaya, wazee wakawakaripia. Pale pale wifi akasema kwa sauti tanga limeanuliwa, amana imefika.

Watoto wa wifi wamezaliwa pale, na wajukuu pia. Nikauliza, basi wao ni wa hapa? Mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye mvi, akacheka bila furaha. "Mkaza mjomba, sukari tunayokata sie inaingia kwenu ina jina la nchi. Sie wenyewe hatuna. Tukiomba kitambulisho tunaambiwa sie wa Mreno. Kwa Mreno nani arudi?"

Siku ya kuondoka wifi alinisindikiza mpaka mwisho wa miwa. Tulitembea bila maneno. Alipofika pa kugeukia akasimama, akachora chini kwa fimbo yake.

"Wifi. Huyo kaka yako mwenye mihogo, ana nafasi nyingine?"

Nilimwelewa hapo hapo. Na kwa kuwa mie ni mie, nikajibu kabla sijafikiri. "Ipo."

"Hukumuuliza."

"Ipo, nimesema."

Kurudi

Pale mpakani kijana wa forodha alinisalimia, akaniuliza nimebeba nini. Nikamwonyesha mikono mitupu na kifuko cha karanga. Nikamuuliza na mie langu.

"Baba, mtu akifia upande ule, akaletwa kuzikwa huku, mnafanyaje? Anapita kama kinyago?"

Akafikiri kweli, kijana wa watu. Akafungua kitabu chake, akakifunga. "Bibi, hilo sijaliona kwenye mkataba. Wameandika vitu."

"Na akiwa hana nchi?"

Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanishika mkono nipande.

Nilipofika tuligawa tezo na patasi kama mlivyoona wenyewe, mkala pilau, na wengine mkabeba na nyumbani. Lakini kabla ya hiyo pilau nilikwenda kwanza Chanika peke yangu. Kaka yangu alikuwa shambani anapalilia. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, na mwisho nikamwambia nimeshaahidi mahali kwenye ardhi yake bila kumuuliza, kwa mwanamke ambaye hajapata kumwona, Mmakonde mwingine, na sijui atafikaje.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeandaa ya kumjibu.

Kaka akafuta jasho. Akatazama kaburi la shemeji yake, akatazama kushoto kwake, akatazama kulia. "Kwao dada hulazwa mkono upi wa kaka yake?" akaniuliza.

"Sijui. Sikuuliza."

"Hujaulizaga kitu wewe tangu uzaliwe," akasema. Kisha akaingia upande wa kulia, akaanza kung'oa mihogo.